Kabla ya Kumhukumu Mke, Tuhesabu Siku

Katika kambi za askari na laini za polisi hakuna habari ienezwayo upesi kuliko habari ya mwanamke ambaye hajapata mtoto. Mwaka wa kwanza watu hunong'ona. Mwaka wa pili huuliza waziwazi. Mwaka wa tatu wakwe hufika, na aghalabu huwa wamekwisha kukata shauri huko huko kwao. Shauri hilo hukatwa bila mtu hata mmoja kuuliza swali lililo rahisi: je, mume amewahi kuwapo nyumbani siku ile yai la mke wake lilipokuwa tayari? Swali hilo ndilo nitakalolieleza leo katika ukurasa huu wetu wa nyumbani, kwa kuwa jibu lake linategemea kazi ndefu ifanyikayo kimya ndani ya mwili, ambayo wengi wetu hatukufundishwa.

Mimi ni mtumishi wa serikali katika ofisi ya mifugo ya wilaya moja magharibi mwa Uganda. Nilisomea ualimu nikapata cheti, nikafundisha shule ya msingi kwa miaka michache kabla ya kuhamishiwa ofisini. Mume wangu ni polisi, na nyumba yetu imo katika laini pamoja na nyumba za wenzake. Kwa hiyo mchana nashughulika na habari za ng'ombe, na jioni nasikia habari za watu. Ni kutokana na kusikia yote mawili ndipo nilipoanza kushangaa.

DAFTARI LA NG'OMBE

Ofisini kwetu kuna daftari kubwa la jalada jeusi. Kila ng'ombe anayepandishwa kwa mbegu za chupa ana mstari wake: jina lake, jina la mwenyewe, siku na saa alipoonekana yuko kwenye joto, siku na saa alipopandishwa, fahali aliyetoa mbegu, na matokeo. Ikiwa baada ya siku 21 hivi ng'ombe yule ataonyesha joto tena, twajua kwamba hakushika mimba.

Hapo maswali huanza. Joto lilionekana saa ngapi, na nani aliliona? Mtaalamu alifika baada ya muda gani? Mbegu zilikuwa salama katika mtungi wa naitrojeni, ambayo baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri? Ng'ombe ana malisho ya kutosha? Bado ananyonyesha ndama? Maswali hayo yote huulizwa kabla ya mtu kusema kwamba ng'ombe ni tasa, na hakuna mfugaji mwenye busara atakayempeleka mtamba wake machinjioni kabla hayajajibiwa.

Sababu ya uangalifu huo ni saa za yai. Ng'ombe hukaa kwenye joto kwa muda wa saa 12 hadi 18 hivi, na wakati huo husimama akikubali kupandwa na wenzake, na ute mwororo huonekana ukining'inia. Yai lake halitoki wakati huo. Hutoka baada ya joto kwisha, kwa kadiri ya saa 10 hadi 12. Ndiyo maana katika miaka ya 1940 wataalamu wa Nebraska, Marekani, waliwapa wafugaji kanuni inayofuatwa hata leo: aliyeonekana na joto asubuhi apandishwe jioni yake, na aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi ya kesho. Atakayekuja siku mbili baadaye atakuwa amekuja bure, hata mbegu zake zikiwa za fahali bora kuliko wote.

Sisemi haya ili kumfananisha mwanamke na mnyama wa zizini. Nasema tu kwamba ng'ombe huandikiwa saa zake na kuulizwa habari zake kabla ya hukumu, na mke wa askari hapati heshima hiyo.

YAI HUKOMAA NAMNA GANI

Mwanamke ana ovari mbili, moja kulia na moja kushoto ya mji wa mimba, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 3 hivi. Ndani ya ovari mayai hayakai wazi kama njugu katika kapu. Kila yai limefungwa ndani ya kijifuko chake, ambacho wataalamu hukiita folikili. Kijifuko hicho ndicho kinachololea yai, kulilisha, kulikomaza na mwishowe kulitoa.

Mwaka 1672 tabibu wa Uholanzi aitwaye Regnier de Graaf aliandika habari za vijifuko hivyo kwa uangalifu, ila alidhani kwamba kijifuko chenyewe ndicho yai. Ilichukua zaidi ya miaka 150 hadi mwaka 1827, wakati Karl Ernst von Baer alipofungua folikili ya mbwa jike, akaona kwa darubini chembe ndogo ya manjano ndani yake. Hilo ndilo lilikuwa yai la mnyama anyonyeshaye kuonekana waziwazi kwa mara ya kwanza. Yai la mwanamke, ambalo ni kubwa kuliko chembe nyingi za mwili wake, upana wake ni sehemu ya kumi tu ya milimita.

Sasa lisikilizeni jambo ambalo lilinistaajabisha zaidi nilipolisoma. Mtoto wa kike huanza kupewa akiba yake ya mayai akiwa bado tumboni mwa mama yake. Kufikia mwezi wa tano wa mimba huwa na mayai milioni 6 au 7. Anapozaliwa yamebaki milioni 1 au 2, na anapovunja ungo yamebaki laki 3 au 4. Katika maisha yake yote, mayai yatakayokomaa na kutoka ni 400 au 500 tu. Mengine yote hufa polepole ndani ya ovari. Na lile litokalo huwa limengoja tangu kabla hajazaliwa. Mwanamke wa miaka 30 akitoa yai leo, yai hilo limekaa katika usingizi kwa miaka yote 30 hadi siku lilipoamshwa.

Kuamka huko hakufanyiki kwa siku moja. Safari ya mwisho ya folikili, tangu ianze kukua kwa dhati hadi kupasuka, huchukua karibu miezi 3. Mwanzoni mwa kila mwezi wa hedhi, kikundi cha folikili ndogo zenye upana wa milimita chache huwa kimefika mlangoni. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, ambayo tunaweza kuiita makao makuu. Hutuma amri kwa njia ya damu, yaani homoni ya kukuza folikili, na zile ndogo huitika pamoja na kuanza kunenepa.

Wasomaji wetu askari wamepata kuona siku ya kuandikisha vijana: wanakuja wengi, wanapungua, wanabaki wachache. Folikili nazo ni hivyo. Kadiri zinavyokua hutoa homoni ya kike iitwayo estrojeni, na homoni hiyo huwaambia makao makuu wapunguze amri. Chakula kinapopungua hivyo, folikili iliyowatangulia wenzake huweza kuendelea kwa kidogo kilichobaki, na nyingine hudhoofika zikafa. Kwa kawaida hubaki moja. Hiyo hukua hadi ikafikia upana wa milimita 20 hivi, ikawa kama zabibu iliyojaa maji ukingoni mwa ovari.

Estrojeni yake inapopanda sana na kukaa juu kwa siku kama mbili, mambo hugeuka. Homoni ile ile iliyokuwa ikizuia amri sasa huichochea, na pituitari hutoa wimbi kubwa la homoni ya pili. Tangu wimbi hilo lianze, zimebaki saa 36 hivi. Yai huamka katika usingizi wake, ukuta wa folikili hulainika ukawa mwembamba, kisha hupasuka, na yai hutoka pamoja na majimaji yake. Mrija wa uzazi, ambao mdomo wake una nyuzinyuzi kama vidole, hulipokea. Baadhi ya wanawake husikia kichomi kidogo upande mmoja wa tumbo siku hiyo. Walio wengi hawasikii chochote.

Folikili iliyopasuka nayo haitupwi. Hugeuka kuwa tezi ya rangi ya manjano, ikatoa homoni ya kuulainisha mji wa mimba ili umpokee mgeni. Kama hakuna mgeni, tezi hiyo hufa baada ya siku 14 hivi, na hedhi huja. Kwa hiyo hedhi si dalili kwamba yai linatoka, kama wasemavyo wengine hapa kwetu. Hedhi hutuambia kwamba yai lilitoka wiki mbili zilizopita na halikupata mwenzake.

WANYAMA HAWAFANANI

Mungu hakuwapa wanyama wote utaratibu mmoja. Sungura jike hana siku ya kungojwa: folikili zake hukaa tayari, na hupasuka saa 10 hadi 12 baada ya kupandwa. Paka na ngamia nao wako katika kundi hilo. Nguruwe hukomaza folikili nyingi kwa pamoja, ndiyo maana huzaa watoto wengi mara moja. Kondoo huzunguka kwa siku 17 hivi, na mbuzi kwa siku 21 kama ng'ombe.

Hata kwa binadamu hutokea folikili mbili zikakomaa pamoja, na mayai mawili yakatoka. Yote mawili yakipata mbegu, huzaliwa mapacha wasiofanana sana, na baba na mama wakaitwa Ssalongo na Nnalongo kwa shangwe kubwa. Wale mapacha wanaofanana kama shilingi mbili wao hutokana na yai moja lililogawanyika baada ya kupata mbegu.

Basi mwanamke hakuumbwa kama sungura, ambaye yai lake humngoja mume aje. Wala hakupewa joto la kuonekana na watu wote kama ng'ombe. Yai lake hutoka mara moja kwa mwezi, kwa siri, na likishatoka huishi kwa saa 12 hadi 24 tu.

SIKU SITA

Mbegu za mwanamume huvumilia zaidi. Katika mwili wa mwanamke zinaweza kukaa hai hadi siku 5. Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba siku ambazo mimba inaweza kuingia ni 6: siku 5 za kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe ya kutoka. Baada ya hapo mlango umefungwa hadi mwezi mwingine.

Siku hizo zajulikanaje? Katika miaka ya 1920 Ogino Kyusaku, daktari wa mji wa Niigata huko Japani, na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba hesabu ya kuaminika zaidi ni ya kurudi nyuma. Yai hutoka kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14. Mwenye siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21. Kwa hiyo si kweli kwamba wanawake wote wana siku moja, na jirani hawezi kumhesabia jirani yake kwa kutumia siku zake mwenyewe.

Mwili nao hutoa dalili. Siku hizo zinapokaribia, ute wa mwanamke huwa mwepesi, mwangavu na wa kuteleza, mfano wa ute mweupe wa yai la kuku. Yai likishatoka, joto la mwili hupanda kidogo na kukaa hivyo hadi hedhi.

Lakini naonya: hesabu hii inawafaa wanaotafuta mtoto. Wanaotaka kupanga uzazi wasiitegemee kalenda peke yake, kwa sababu mzunguko hubadilika kwa safari, maradhi au wasiwasi. Hao yafaa waende kliniki.

HESABU YA LIKIZO

Tangu Machi 2007, wanajeshi wa kwanza wa Uganda walipotua Mogadishu, kambi zetu zimezoea kuona mume akiondoka kwa miezi mingi. Polisi nao hupelekwa mbali na nyumba zao. Mke hubaki na watoto, au hubaki peke yake na maneno ya watu.

Jirani yangu mmoja, ambaye sitataja jina lake, aliolewa na koplo aliyekuwa katika kikosi cha mbali upande wa kaskazini. Miaka mitatu ikapita bila mtoto. Siku moja mama mkwe wake akafika pamoja na wazee wawili, wakisema kwamba ng'ombe wa mahari warudishwe na binti arudi kwao. Jirani yangu akanituma niitwe, kwa kuwa alijua kazi yangu.

Nikawasalimu kwa heshima, kisha nikamwomba mwenzangu alete kalenda zake. Alikuwa na desturi ya kutia alama ndogo ya msalaba kila hedhi ilipoanza, na alama ya mviringo siku mume alipofika na siku alipoondoka. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, mambo haya hayasemwi mbele ya wanaume." Alikuwa na haki. Wazee wakatoka nje wakakaa chini ya mti, nasi wanawake watatu tukahesabu juu ya meza.

Katika miaka ile mitatu koplo alikuwa amekuja likizo mara tano, siku kumi kila mara. Likizo tatu ziliangukia baada ya yai kupita au wakati wa hedhi. Likizo mbili tu ndizo zilizokutana na zile siku sita. Na hata kwa mume na mke wenye afya njema, wakikutana katika siku zenyewe, nafasi ya kupata mimba mwezi mmoja ni kama robo tu. Madaktari hawamwiti mtu mgumba mpaka mume na mke wawe wamekaa pamoja kwa miezi 12 bila kizuizi. Wale wawili, kwa hesabu ya ovari, walikuwa wamejaribu kwa miezi miwili.

Mama mkwe alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akatoka nje, naye mwenyewe ndiye aliyewaeleza wazee, kwa maneno yake ya ufugaji. Nilimsikia akiuliza, "Mtamba akiletewa fahali siku tano baada ya joto, mzee, kosa ni la nani?" Mzee akajibu, "Ni la mchungaji." Hakuna aliyetaja tena ng'ombe wa mahari siku ile.

Koplo aliporudi, yeye na mkewe walikwenda hospitali pamoja, wakapimwa wote wawili. Majibu yao ni mali yao, sitayaandika gazetini. Nayaandika haya kwa ajili ya wale wengine ambao kalenda zao hazijafunguliwa.

SIO KALENDA TU

Isidhaniwe kwamba kila shida ya uzazi ni shida ya likizo. Kuna wanawake ambao folikili zao huanza kukua kisha zikasimama njiani bila kutoa yai, na hedhi zao huja kwa kuchelewa au kuruka miezi. Hali hiyo ina matibabu. Kuna ambao yai hutoka vema, ila mirija imeziba kwa sababu ya maradhi ya zinaa yaliyokaa bila kutibiwa, na maradhi hayo mara nyingi hubebwa na mume kutoka safarini. Njaa na kukonda sana husimamisha folikili, na kunyonyesha mtoto mchanga usiku na mchana hufanya vivyo hivyo kwa miezi kadhaa. Umri nao una neno lake: baada ya miaka 35 mayai hupungua kwa kasi zaidi.

Lililo kubwa ni hili: katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, upande wa mwanamume una sehemu yake. Nguvu za kitandani si ushahidi, kwani mtu aweza kuwa shupavu kwenye gwaride na mbegu zake zikawa chache au dhaifu. Kipimo cha mwanamume ni chepesi, hakina maumivu, na yafaa kitangulie vile vya mwanamke vilivyo vizito. Tena shida hii haiko kwetu peke yetu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba duniani kote kadiri ya mtu 1 katika kila 6 hupatwa nayo wakati fulani wa maisha yake.

USHAURI KWA KAMBI ZETU

Kwanza, kila mama na atie alama kwenye kalenda siku ya kwanza ya kila hedhi. Baada ya miezi sita atajua mzunguko wake, naye atakuwa na jambo la kumwonyesha daktari.

Pili, mume aliye mbali na amwulize mkewe siku zake kabla ya kuomba likizo. Kwa simu ni maneno machache. Sidhani kwamba kuna afande atakayekasirika kuombwa kusogeza likizo kwa wiki moja, ikiwa kazi yaruhusu. Nawasihi maafisa wetu wasicheke wakiombwa hivyo, wala wasimlazimishe askari kueleza sababu mbele ya wenzake.

Tatu, mwaka mzima wa kukaa pamoja ukipita bila mimba, waende hospitali wote wawili. Ikiwa mke amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi sita. Na mwenye hedhi zisizokuja kwa utaratibu asingoje hata hiyo miezi sita.

Nne, nawaomba akina mama wakwe, ambao ndio wenye sauti katika nyumba zetu. Ninyi mmezaa na mmelea, na watu huwasikiliza. Mkiuliza habari za mke, ulizeni pia habari za mwana wenu: amekaa nyumbani siku ngapi, na amepimwa wapi. Maswali hayo mawili yakiulizwa kwanza, ndoa nyingi katika laini zetu hazitavunjika.